Vitabu Thelathini na Nane vya Volkano

Kwenye ghorofa ya kumi na nne ya jengo moja la Olaya, jijini Riyadh, kulikuwa na ubao mweupe ambao Rispah alikatazwa kuugusa. Msafishaji aliyemtangulia aliupitishia kitambaa siku moja kwa bidii zake mwenyewe, akafuta kazi ya miezi mitatu ya wenye ofisi, na jioni ile ile akahamishiwa kufagia maegesho ya magari. Kwa hiyo msimamizi alipomkabidhi Rispah mopu na ndoo alimwonyesha ubao ule kwa mbali, kama mtu anayemwonyesha mgeni mbwa mkali.

"Meza, safisha. Kioo, safisha. Hii, mafi gusa, hapana gusa. Halas, pita huko."

Sasa mtu akikatazwa kitu, macho yake yataenda wapi? Kila alfajiri Rispah alipofika alipangusa meza, akamwaga karatasi za taka, kisha akasimama mbele ya ubao na mopu yake begani akausoma. Kiingereza alikuwa nacho. Alikisoma hadi kidato cha pili, huko kwao Vihiga, kabla shule haijamponyoka.

Ofisi ile ilikuwa ya watafiti wa mambo ya elimu, na kwenye ubao walikuwa wamechora nguzo za rangi, fupi kwa ndefu, zikipanda kama ngazi. Za buluu zilionyesha kipato cha wazazi: kadiri mzazi alivyokuwa nacho, ndivyo mtoto wake alivyopata alama. Za kijani zilionyesha masomo ya mama. Za nyekundu zilionyesha idadi ya vitabu vilivyomo nyumbani: sifuri hadi kumi, kumi na moja hadi ishirini na tano, na kuendelea mpaka vitabu mia na zaidi, ambako nguzo ilikaribia kugonga fremu ya juu.

Rispah alimtafuta bintiye Emmah kwenye ngazi zile. Emmah alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko gredi ya sita, na aliishi Vihiga na bibi yake, mama mzazi wa Rispah, ambaye kila mtu pale nyumbani humwita Guku. Kwa rangi ya buluu, Emmah alikuwa chini kabisa, hilo halikuhitaji hesabu. Kwa kijani, alikuwa wa pili kutoka chini. Nyekundu Rispah hakuijua.

Ijumaa ilipofika, siku yake ya mapumziko, alipiga simu nyumbani.

"Emmah, hebu nihesabie vitabu vilivyoko hapo ndani. Si madaftari. Vitabu."

Akasikia viti vikisukumwa na mlango wa chumbani ukilia. Emmah alirudi akihema. "Biblia ya Guku. Biblia ya marehemu Babu, ile haina Mwanzo. Kitabu cha nyimbo cha kanisa. Kitabu cha hesabu cha gredi ya nne, jalada lilitoka. Basi."

"Vinne."

"Na kadi ya kliniki!" Sauti ya Guku ilipenya kutoka jikoni. "Ile ya chanjo, ya Emmah mwenyewe. Ina kurasa ile. Imeandikwa mbele na nyuma!"

"Mama, hiyo si kitabu."

"Ni nini basi, sufuria? Hesabu tano. Na kalenda ya kampuni ya mbegu, sita."

Rispah alicheka hadi mwenzake wa chumba, Pauline, akainua kichwa kitandani kuuliza kuna nini. Lakini baada ya simu hakucheka sana. Ripoti ya Emmah ya muhula uliopita ilisema kwamba katika kusoma Kiingereza mtoto "anakaribia matarajio." Guku alikuwa ameitangaza ripoti ile mtaa mzima kwa furaha: mwalimu amesema mjukuu wangu anakaribia, bado kidogo tu afike! Ni Rispah peke yake aliyejua kwamba kukaribia maana yake ni kubaki nyuma.

Kati ya watafiti wale alikuwepo mmoja aliyezoea kufika mapema, msichana wa Jeddah aliyeitwa Abeer, mwenye miwani mikubwa na birika dogo la kahawa alilokuja nalo kutoka kwao. Alikuwa anamsalimia Rispah kwa jina, ingawa ulimi wake ulishindwa na herufi moja.

"Sabah alkheir, Risba."

"Sabah annur, madam. Naweza kuuliza kitu?" Rispah alielekeza mpini wa mopu kwenye ubao, akiwa makini usiuguse. "Mtu akiwa na vitabu vinne nyumbani, akiongeza saba, mtoto anapanda hapa?"

Abeer aligeuka akautazama ubao, kisha akamtazama Rispah kama aliyemwona upya. Akavuta kiti akaketi.

"Unausoma ubao wetu?"

"Kila siku, madam. Sijaugusa."

Abeer alicheka, akamwelezea taratibu, Kiingereza kikichanganyika na Kiarabu. Vitabu si dawa, alisema. Nyumba yenye vitabu vingi kwa kawaida ina mtu anayevisoma, ana muda wa kuketi na mtoto, humwuliza maswali na kumjibu. Vitabu ni dalili tu. Ukijaza vitabu nyumba isiyo na msomaji, umejaza vumbi.

Rispah alifikiri huku akikamua mopu. "Madam, mshahara wangu siwezi kuupandisha, mwenye kuupandisha ni mudiri wa kampuni yetu. Shule yangu ilishapita. Katika rangi zako tatu, ninayoweza kuigusa ni nyekundu peke yake. Acha nianze na hiyo, vumbi nitalifuta. Si ndiyo kazi yangu?"

Abeer aliinua birika lake. Alimmiminia kahawa kwenye kikombe kidogo, wakanywa.

Basi Rispah akaingia kazini. Ijumaa zilizofuata hakuonekana tena kwenye maduka ya nguo ya mtaa wa Batha pamoja na wenzake. Alikuwa amechutama kando ya njia, pale wachuuzi wanapotandaza mitumba ya kila aina, akichambua magazeti, vitabu vya mapishi na maelekezo ya kutumia viyoyozi. Wakenya waliopita kwenda kutuma pesa nyumbani walimtania. "Rispah, unafungua chuo kikuu?" Naye aliwajibu, "Nafungua, na wewe nitakuweka darasa la chekechea."

Kwa mwezi mzima alipata vitabu sita vya maana. Ndipo Absalom alipopiga simu.

Absalom alikuwa binamu yake, dereva wa familia moja huko Jeddah, aliyepanga chumba mtaa wa Hindawiyah na wanaume wenzake wawili. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwapeleka watoto wa bosi shule, moja ya shule zile za Kiingereza zenye bwawa la kuogelea.

"Dada, ulisema unatafuta vitabu? Hii shule inabadilisha maktaba. Vya zamani wameviweka nje, vizuri kabisa, vingine havijafunguliwa. Niliomba, wakasema beba. Nimebeba katoni tano. Sasa Kevin na Zablon wanalala wamekunja miguu. Njoo haraka kabla sijafukuzwa!"

Rispah alikuwa na siku tatu za likizo alizokuwa anaziweka akiba. Alichukua ruhusa kwa msimamizi, akatia ikama yake, kile kibali cha ukaazi, ndani ya mkoba, na kabla jua halijachomoza alikuwa ndani ya basi la Jeddah. Safari ilikula siku nzima. Nje ya dirisha ulipita mchanga, kisha mawe meusi yaliyotapakaa kama makaa, kisha mchanga tena. Alikuwa Saudia mwaka wa tatu na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuona nchi ilivyo kubwa. Jioni aliposhuka, hewa ya Jeddah ilimpiga usoni yenye joto na unyevu, na Absalom alikuwa pale akimpungia mikono yote miwili.

Mlango wa chumba cha Hindawiyah uliachwa wazi kwa heshima ya mgeni wa kike, na majirani wawili watatu wakaja kusimama pale kuangalia. Rispah alitegemea kukuta wanaume wenye hasira. Alikuta wanaume wanaosoma. Kevin, bawabu wa ghala moja, alikuwa ameinamia kitabu cha wanyama wa kale na hakuinua macho. Zablon, fundi wa mabomba, alikuwa na kitabu cha watoto kuhusu nyota.

"Hiki hakiendi," Zablon alisema kabla ya salamu. "Sijafika mwisho."

"Ni cha Emmah!"

"Emmah atakuwa na vingapi? Mimi nina kimoja."

Walibishana, wakala ugali na samaki, wakabishana tena, na mwishowe wakakubaliana kila mwanaume abaki na kimoja kama kodi ya miguu iliyokunjwa. Kisha wakafungua katoni moja moja. Ya kwanza, hadithi. Ya pili, sayansi na ramani. Ya tatu, hadithi na kamusi mbili nono. Ya nne, mchanganyiko. Rispah alikuwa anapanga sakafuni akihesabu. Vitabu hamsini na nane, pamoja na vile sita alivyokuja navyo kutoka Batha! Kisha Absalom akakata gundi ya katoni ya tano, iliyokuwa nzito kuliko zote.

Ndani kulikuwa na kitabu chembamba chenye picha ya mlima unaotapika moto. Chini yake, kitabu kile kile. Chini yake tena, kile kile. Absalom alizidi kutoa, na kila alichotoa kilikuwa volkano.

"Thelathini na nane," Kevin alihesabu. "Kitabu kimoja mara thelathini na nane."

Zablon akaanza kukohoa, kumbe ni kicheko anachokizuia, na kikamponyoka, na wote wakaanguka nacho, Rispah akijifuta machozi kwa pindo la kitambaa cha kichwa.

"Watafiti wako watavihesabuje?" Absalom aliuliza. "Thelathini na nane au kimoja?"

"Yalla, funga," Rispah alisema. "Vyote vinaenda. Siachi hata kimoja."

Kesho yake wakala wa mizigo alizichukua katoni kwenda kupakiwa melini, na Rispah akarudi Riyadh na nakala moja tu ya volkano mkobani, usingizi tele na furaha kubwa.

Ilipita miezi miwili na wiki moja hadi Emmah alipopiga simu akipiga kelele kwamba pikipiki tatu zimeingia uani zikiwa na katoni. Rispah alizima mashine ya kusugulia sakafu ili asikie vizuri. Akasikia Guku akiamrisha, waendesha pikipiki wakilalamika, na kuku wakikimbizwa. Siku ile alisafisha ghorofa nzima akiimba.

Ijumaa iliyofuata aliuliza, "Haya, Emmah, umeanza na kipi?"

Emmah alinong'ona. "Sijaanza, Mama. Guku amevifungia."

"Amevifungia wapi?"

"Kwa kabati la vyombo. Ametoa vikombe vyake vya harusi, ameviweka chini ya kitanda. Vitabu viko kwa kioo, vinaonekana vizuri sana. Wageni wanakuja kuviangalia. Ufunguo ameufunga kwa leso."

Rispah alikaa kitandani. Nyumba yenye vitabu tisini na tano, na mtoto anaviangalia kupitia kioo! Aliomba apewe Guku.

"Mama, vitabu vile ni vya kusomwa."

"Vitasomwa," Guku alijibu. "Akikua."

"Mama."

"Mkono wa mtoto una mafuta, Rispah. Vimevuka bahari. Kikichanika kimoja nitamwambia nini mwenyewe?"

"Mwenyewe ni mimi."

Guku aliiweka simu mezani. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wewe umesahau. Mimi sijasahau. Kilipotea kitabu kimoja cha shule, kile cha historia. Wakakurudisha nyumbani, ukalete kingine ndipo uingie darasani. Nilizunguka kwa watu wote hapa, mpaka kwa mchungaji. Nilipopata nusu ya bei muhula ulikuwa umeisha, na wewe ulikuwa umeshaanza kazi ya kuchuma chai. Kitabu kimoja, Rispah. Kitabu kimoja kilikutoa shuleni. Na leo umeniletea nyumba nzima."

Rispah hakuwa amesahau. Alichokuwa hajui ni kwamba mama yake alikuwa amekibeba kitabu kile miaka yote kumi na saba. Alitamani awe karibu amshike mkono. Badala yake alipangusa uso, akatafuta sauti ya kawaida.

"Mama, nisikilize. Vitabu hivi havina shule nyuma yake. Hakuna atakayetufukuza. Kikichanika tutakibandika, kikipotea Emmah atasoma kingine. Na vile vya volkano viko thelathini na nane. Hata wakipoteza thelathini na saba, bado tunacho!"

Alisikia Guku akijaribu kutocheka.

"Lakini nataka mkubwa wa kusimamia," Rispah aliendelea. "Emmah peke yake hataweza. Wewe ndiye utakuwa mwalimu mkuu."

"Mimi? Hata jina langu nalijua kwa kuliangalia tu."

"Mwalimu mkuu hasomi, anauliza. Emmah atasoma Kiingereza, halafu atakwambia kwa lugha yetu kimesema nini. Usipoelewa, anarudia. Ukiona anadanganya, mwulize mpaka ajikwae. Kuuliza unajua, Mama. Baba alikuwa anakukimbia kwa maswali."

"Alikuwa anakimbia kwa sababu ya uongo wake," Guku alisema. Kisha Rispah akasikia ufunguo ukigusa kioo.

Saa za Riyadh na za Vihiga ni zile zile, na Ijumaa jioni Emmah alikuwa ametoka shule wakati mama yake hana kazi. Walianza na volkano, kwa kuwa ndicho kitabu ambacho kila mtu angeweza kuwa na nakala yake: Emmah moja, na Rispah moja aliyoibakiza kwenye mkoba. Mara ya kwanza Emmah alisoma kama anayetembea juu ya miiba. Rispah hakumkatiza. Alipokwama alimsaidia, na wakati mwingine walikwama wote wawili wakakimbilia kamusi.

"Kinasema ndani ya ardhi kuna mawe yaliyoyeyuka," Emmah alimtafsiria bibi yake.

"Mawe yanayeyuka kama siagi?"

"Ndiyo, Guku."

"Na sisi tumekaa juu?"

"Ndiyo."

"Na serikali inajua?"

Kule Riyadh Pauline aliruka kitandani, akaja kukaa karibu na simu. Kuanzia siku ile hakukosa Ijumaa hata moja.

Wiki ya tatu kitabu kiliwafikisha kwenye milima ya Afrika, na hapo vita vikazuka. Emmah alisoma kwamba Mlima Elgon nao ulikuwa volkano zamani. Guku alikataa katakata. Yeye aliuona Elgon kwa macho yake mwaka alioenda Kitale kumzika shangazi yake, ulikuwa umetulia kabisa, una mawingu. Emmah akasisitiza. Guku akapandisha sauti. Jirani akaja kuuliza nani kafa. Watoto wa jirani wakaja nyuma yake, na Emmah, kwa kutafuta mashahidi, akafungua kabati akawagawia kila mmoja kitabu na kuwaambia wafungue ukurasa wa kumi na tisa.

Hapo ndipo Rispah alipotambua alichokibeba kutoka Jeddah. Kitabu chenye nakala moja kingesomwa na Emmah peke yake. Thelathini na nane ni darasa.

Watoto walikuja watano, kisha kumi na mmoja, kisha uani hapakutosha. Walinawa mikono kwenye beseni kwa amri ya mwalimu mkuu, wakaonyesha viganja, wakapewa vitabu. Emmah, ambaye shuleni alijificha nyuma ya mwenzake kila mwalimu alipotafuta msomaji, alisimama katikati akasoma kwa sauti, kwa sababu mtu aliye mbele ya watoto ishirini wanaosubiri hana pa kujificha. Waliosoma kumshinda walipokezana naye. Waliokuwa nyuma yake walifuata kwa kidole. Rispah alisikia yote kwenye simu iliyoegemezwa juu ya kibuyu, na hakuna wiki aliyomaliza bila sauti kukauka kwa kucheka.

Aliposimulia ofisini, Abeer alitoa miwani akaifuta. "Hiki hatukukipima," alisema. "Nyumba yenye kitabu kimoja mara thelathini na nane, na bibi anayebisha." Akaomba aandike maswali yote ambayo Guku ameuliza, akajaza ukurasa mzima.

Kisha Mwalimu Nahashon akafika. Alikuwa mwalimu wa darasa wa Emmah, na alikuja Ijumaa moja, baiskeli yake ameiegemeza kwenye ua, wakati simu iko hewani. Rispah aliposikia sauti yake aliinuka kitandani. Mwalimu haji nyumbani kwa heri, ndivyo alivyozoea tangu utotoni.

"Mama," mwalimu alimwambia Guku, "nimekuja kwa sababu darasani sifundishi tena. Nikisema jambo, mikono kumi inainuka kuniuliza kwa nini. Jana nimeulizwa kama serikali inajua kuhusu magma."

"Na inajua?" Guku aliuliza.

"Mama, sijui." Wote wakacheka, na yeye akacheka. "Nilitaka kuona maswali yanatoka wapi. Na nilitaka kuomba. Darasa langu lina wanafunzi arobaini na wawili na vitabu vya kusoma tisa. Mngeniazima hivi vya volkano kwa muhula mmoja? Emmah ndiye angekuwa anaanza kusoma. Siku hizi ananishinda hata mimi kwa kutamka."

Rispah alishika simu kwa mikono miwili. Alijua nani atajibu, na alijua jibu. Mama yake hangewapa shule kitabu hata kwa kukatwa mkono.

Guku alichukua muda wake. Akauliza vitakaa wapi. Akauliza kama kuna panya. Akauliza nani atakuwa na ufunguo. Mwalimu alijibu moja baada ya jingine kama mtu aliyepelekwa mahakamani.

"Na mtoto akipoteza kimoja?"

"Atasema samahani, Mama."

"Utamrudisha nyumbani?"

"Hapana."

"Sema mbele ya hawa watoto. Na Rispah anasikia huko Arabuni."

Mwalimu Nahashon alisimama, Emmah alisimulia baadaye, akavua kofia yake. "Hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya kitabu," alisema.

"Basi beba," Guku alisema. "Thelathini na sita. Kimoja kiko Arabuni, kimoja kinabaki hapa na mimi, huo ugomvi wa Elgon haujaisha."

Watoto walishangilia mpaka simu ikaanza kukwaruza. Rispah alijikuta amesimama juu ya kitanda, Pauline amemshika kiuno asianguke, na wanawake wa vyumba vingine wakagonga mlango kuuliza kama kuna harusi. Simuni watoto walikuwa wameshaanza kupanga foleni ya kubeba vitabu hadi kwenye baiskeli, kila mmoja vyake vitatu kifuani, na Guku akipita katikati yao akikagua viganja.